«Kazi mara mbili»: wanawake wa Assassin's Creed, na sisi wenye kutafuta kazi

Leo siandiki juu ya barua za kuomba kazi wala juu ya mitihani ya kuingia kazini. Naandika juu ya mchezo wa video. Najua wamoja watasema: «Huyu naye, na diploma yake yote, anatuletea mambo ya watoto.» Munivumilie kidogo, juu njia ninayopita itatufikisha palepale kwenye zile barua.

Nilianza kucheza Assassin's Creed mwaka 2012 kwa yaya wangu, hapa Lubumbashi. Alikuwa amenunua PlayStation 3 iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, pamoja na maneti mbili: moja nzima, moja yenye kitufe cha kukwama. Kwenye michezo ya mpira munajua nani alikuwa anapewa ile ya kukwama. Lakini Assassin's Creed II ni mchezo wa mtu mmoja. Kwa hiyo nilikuwa nangoja yaya aende chuoni, umeme uwepo, halafu nakamata ile maneti nzima kama mwizi.

Kwa wale wasioijua: Assassin's Creed ni mfululizo wa michezo wa Ubisoft, kampuni ya Ufaransa. Wa kwanza ulitoka mwaka 2007, kutoka studio yao ya Montréal, Kanada, na mtayarishaji wake alikuwa mwanamke, Jade Raymond. Kila mchezo unakupeleka katika wakati fulani wa historia ya kweli: Yerusalemu ya vita vya msalaba, Italia ya karne ya 15, Paris ya mapinduzi. Humo kuna vita ya siri kati ya vikundi viwili, na wewe unakuwa katika kile cha Assassins. Unapanda kuta, unaruka kutoka juu ya mnara, unaua mkubwa fulani, unakimbia. Yule unayemcheza, ambaye sisi tulimwita akteri kama kwenye filamu, alikuwa Altaïr, halafu Ezio, halafu Connor, halafu Edward. Kwenye michezo mikubwa ya miaka ile walikuwa wanaume watupu.

Sasa, chini ya nyumba ya ukoo wa Ezio, kule Monteriggioni, kuna chumba cha siri chenye sanamu saba za Assassins wa zamani. Altaïr amesimama katikati. Kati ya wale sita wengine, wawili ni wanawake: Iltani wa Babeli, ambaye kwa hadithi ya mchezo alimwua Aleksanda Mkuu kwa sumu, na Amunet wa Misri, aliyemwua Kleopatra kwa nyoka. Nilimzunguka yule Amunet mara nyingi. Yaya aliporudi siku moja akanikuta palepale, nikamwuliza:

«Yaya, huyu mwanamuke tutamuchezaka wakati gani?»

Akacheka. «Ule? Ule ni sanamu tu.»

Jibu lake halikunikasirisha ile siku. Lilianza kunisumbua baadaye, nilipoona kwamba watu wakubwa, wenye ofisi na mishahara, walikuwa na majibu manne kwa swali lile, na yote yanafanana na lile la yaya, ila yamevaa suti.

Jibu la kwanza ni gharama.

Mwezi wa 6 mwaka 2014 Ubisoft walionyesha Assassin's Creed Unity, mchezo wa Paris ya mapinduzi. Safari hii watu wanne waliweza kucheza pamoja. Wote wanne walikuwa wanaume. Waandishi wa habari wakauliza kwa nini. Mkurugenzi wa ubunifu, Alex Amancio, akaeleza kwamba kumweka mwanamke kungetaka animesheni mpya na mavazi mapya, kazi ingekuwa karibu mara mbili. Kelele zikaanza dunia nzima.

Niseme ukweli: mimi niliposoma habari ile, nilimwelewa. Nilikuwa najiandaa kusoma informatiki, na nilijua kidogo vile mambo yanatengenezwa. Mtu wa mchezo ni mifupa iliyovalishwa ngozi. Kila anapotembea, anapopanda, anapoanguka, kuna mtu aliyepanga ule mwendo. Ukibadilisha urefu wa mifupa au upana wa mabega, mkono unaweza kukosa ukuta, upanga unaweza kuingia mguuni. Hiyo ni kazi ya kweli. Nikawaambia na rafiki zangu: «Acheni kulia, hamujui kazi ya watu.»

Halafu akaongea mtu anayeijua ile kazi kuliko mimi. Jonathan Cooper, aliyeongoza animesheni ya Assassin's Creed III, alisema kwa makadirio yake ni kazi ya siku moja au mbili, juu miendo mingi inaweza kutumiwa na wote. Tena tayari mwaka 2010, katika Brotherhood, watu walikuwa wanacheza kwa mtandao wakiwa wanawake. Na mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ilikuwa imetoa Liberation kwa mashine ndogo ya mkononi, PlayStation Vita, mchezo ambao akteri wake ni mwanamke mweusi, Aveline. Miendo ya wanawake ilikuwepo nyumbani.

Lakini kitu kilichonimaliza kabisa ni Notre-Dame. Ndani ya Unity kuna lile kanisa kubwa la Paris, limejengwa kwa uzuri wa kushangaza. Msanii aliyelijenga, Caroline Miousse, alilifanyia kazi karibu miaka miwili. Simlaumu hata kidogo; kazi yake ni sehemu nzuri kuliko zote za mchezo ule. Nasema tu hivi: kampuni iliyopata miaka miwili kwa ajili ya mawe ya kanisa moja haiwezi kuniambia ilikosa muda kwa ajili ya mwanamke mmoja. Muda ulikuwepo. Kanisa lilikuwa kwenye plani tangu siku ya kwanza, mwanamke hakuwepo kwenye plani. Basi alipokuja kuulizwa mwishoni, akaonekana mzigo.

Hapa ndipo barua za kazi zinaingia.

Mwaka 2021 nilimaliza masomo na nikaomba staji kwenye kampuni moja, sitaitaja. Kazi ilikuwa ya kutunza mtandao wa kompyuta kwenye shantye yao, mbali na mji, watu wanalala kulekule wiki mbili mbili. Tulikuwa watatu tuliofika hadi mwisho, vijana wawili na mimi. Wale vijana nilisoma nao. Mmoja wao nilimfundisha somo la mitandao usiku kabla ya mtihani, na yeye mwenyewe hakatai. Bwana aliyetupokea alikuwa na adabu. Alinikaribisha kiti, akasifu alama zangu, halafu akasema:

«Mama, shida si weye. Shida, kule kwetu kuko choo ya wanaume tu, na chumba za kulala za wanaume tu. Juu yako weye mumoja tutapashwa kujenga ingine. Ni kazi mara mbili.»

Mara mbili! Neno kwa neno. Nilitoka pale nikapanda basi, na sikumfikiria yule bwana wala wale vijana. Nilifikiria Unity. Nikaona haya, juu mimi ndiye niliyewaambia watu waache kulia.

Sikatai kwamba choo kina bei. Matofali yana bei, fundi ana bei. Lakini shantye ile ilijengwa na watu waliochora plani kwenye karatasi, na kwenye ile karatasi hakuna aliyewaza kwamba siku moja mhandisi au mtu wa kompyuta anaweza kuwa mwanamke. Vyoo vya wanaume havikuitwa gharama. Viliitwa shantye. Cha kwangu ndicho kiliitwa gharama, juu kilikuja nyuma. Gharama ile haikutoka kwangu. Ilitoka kwa usahaulifu wa aliyechora plani, halafu bili ikaletwa kwa jina langu.

Jibu la pili ni historia.

Wachezaji wengi wanasema: «Sisi hatuchukii wanawake, lakini mchezo unafuata historia, na zamani wanawake hawakupigana.» Wanasema hivyo juu ya mchezo ambao watu wanaruka kutoka kwenye mnara wa mita hamsini, wanaangukia majani makavu, wanaamka na kujipangusa. Lakini tuache utani, tuchukue historia yenyewe ya Unity. Tarehe 5 mwezi wa 10 mwaka 1789, wanawake wa Paris, wengi wao wa sokoni, walitembea kwa miguu hadi Versailles kudai mkate, na kesho yake mfalme akarudi nao mjini. Mwaka 1791 Olympe de Gouges aliandika tangazo la haki za wanawake. Mwaka 1793 wakamkata kichwa. Na tarehe 13 mwezi wa 7 mwaka huohuo, mtu mmoja aliingia nyumbani kwa Marat na kisu kilichofichwa, akamwua ndani ya beseni lake la kuogea. Kama kuna kitendo katika mapinduzi yale kinachofanana na Assassin's Creed, ni hicho. Jina lake Charlotte Corday. Alikuwa na miaka 24, umri wa wengi wetu hapa.

Waliotengeneza Unity walikuwa na hayo yote mezani. Wakatuletea Élise, anayejua upanga vizuri, mwenye sababu yake ya kupigana. Hatumchezi. Tunamfuata, tunampenda, tunamlilia. Kifo chake kinamfanya Arno awe mtu mzima. Mimi nilimaliza mchezo ule kwa binamu yangu na nikabaki na swali: kwa nini hadithi nzuri ya mchezo huu inatembea pembeni ya yule ninayemshika?

Hoja ya historia ilionyesha uso wake wazi zaidi miaka kumi baadaye. Assassin's Creed Shadows, iliyotoka tarehe 20 mwezi wa 3 mwaka 2025, iko Japani ya karne ya 16, na ina akteri wawili: Naoe, msichana wa Iga, na Yasuke, Mwafrika. Yasuke alikuwepo kweli. Alifika Japani mwaka 1579 pamoja na Mjesuiti Alessandro Valignano, na mwaka 1581 akaingia katika utumishi wa Oda Nobunaga. Watu wakapiga kelele: «Mchezo wa Japani, na akteri si Mjapani!» Nilisoma maneno hayo siku nyingi, mpaka nikajiuliza kama ninaona vibaya. Naoe ni nini basi? Amezaliwa Iga, baba yake ni wa Iga, anaongea lugha ya pale, na ndiye unayemcheza kwa saa nyingi za mwanzo. Mjapani yupo, mbele kabisa. Hawakumhesabu. Kwao «akteri Mjapani» maana yake ilikuwa mwanaume Mjapani, na hawakuona hata haja ya kuongeza hilo neno.

Sisi hapa tulikuwa tayari kumtetea Yasuke, na ni haki yetu, kaka yetu yule. Hata mimi nilifurahi kumwona. Lakini angalieni: katika mabishano yote niliyosikia kati ya vijana wetu, hakuna aliyemtaja Naoe. Waliomtukana Yasuke na waliomtetea walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba yule msichana si sehemu ya swali.

Jibu la tatu ni soko.

Mwezi wa 7 mwaka 2020, Bloomberg ilitoa habari ndefu juu ya maisha ndani ya Ubisoft. Pamoja na mambo mengine mazito, wafanyakazi walieleza kwamba wakubwa walikuwa wanaamini mwanamke peke yake hauzi. Ndiyo sababu, walisema, katika Syndicate ya 2015 nafasi ya Evie Frye ilipunguzwa, akabaki nyuma ya ndugu yake pacha Jacob. Ndiyo sababu katika Origins ya 2017 Aya alipunguzwa ili Bayek awe mbele. Na Odyssey ya 2018 ilitakiwa kuwa ya Kassandra peke yake, wakaongezewa Alexios. Mkuu wa ubunifu wa kampuni, Serge Hascoët, alijiuzulu mwezi uleule.

Rudini kwa Aya kidogo. Kwa hadithi, yeye na mume wake Bayek ndio walioanzisha kikundi ambacho baadaye kitaitwa Assassins. Ndiye anayemchoma kisu Julius Caesar. Na mwishoni anaacha jina lake, anajiita Amunet. Ndiyo, yule wa sanamu! Nilipofika pale niliruka kwenye kiti. Miaka mitano nilikuwa nangoja. Halafu nikahesabu: katika mchezo mzima wa makumi ya saa, nilikuwa nimemshika Aya kwa vipande vifupi tu, vita vya majini kidogo, Caesar, basi. Mwanzilishi wa nyumba amepewa saa ya kusalimia wageni.

Juu ya mauzo, nitasema mambo mawili. Lara Croft wa Tomb Raider anauza tangu 1996. Horizon Zero Dawn ya 2017, ambayo akteri wake ni msichana Aloy tu, bila mwanaume wa kuchagua, iliuza zaidi ya nakala milioni 20. La pili: ilisemwa kwamba katika Odyssey karibu theluthi mbili ya wachezaji walimchagua Alexios. Wengi wanaileta kama ushahidi. Lakini nani alikuwa kwenye jalada la mchezo? Alexios. Ukiweka maandazi mbele ya duka na vitumbua nyuma ya pazia, jioni usishangae ni nini kimeisha. Tena hata kwa hali ile, mchezaji mmoja kwa watatu alipita pazia akaenda kumtafuta Kassandra. Mimi naiona hiyo kuwa namba kubwa.

Jibu la nne ndilo gumu, juu ni zuri. Ni kuchagua.

Tangu Odyssey, na baadaye Valhalla ya 2020 na Eivor wake, Ubisoft walisema: chagua mwenyewe, mwanaume au mwanamke. Kila mtu afurahi, kelele ziishe. Nami nilifurahi. Nilimcheza Kassandra mwaka 2020, wakati tumefungiwa nyumbani juu ya korona, na sitasema uongo, sijapenda akteri kama nilivyompenda yule. Sauti ya Melissanthi Mahut ina kicheko ndani yake hata anapotisha mtu. Anaongoza merikebu, wanaume wanamtii, na hakuna anayemwuliza mume wake yuko wapi. Anaingia Olympia kupigana, pale ambapo wanawake wa wakati ule hawakuruhusiwa kushindana, na mchezo unaendelea kama kawaida. Kwa msichana aliyelelewa kwenye nyumba ya kuulizwa kila saa «unatoka kwenda wapi», ule wepesi ulikuwa mapumziko.

Lakini wepesi huo una sababu ambayo haifurahishi. Maneno ya Kassandra ni maneno ya Alexios. Mambo yanayompata ni yaleyale. Ilibidi iwe hivyo, juu mchezo ulipaswa kumfaa yeyote kati ya wawili. Ukiandika shati la kumwenea kila mtu, halitamkaa mtu yeyote sawasawa.

Mlinganishe na Aveline wa 2012. Yeye ni binti wa mfanyabiashara Mfaransa na mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa, New Orleans ya karne ya 18. Mchezo unampa nguo za namna tatu, na kila nguo inabadilisha anachoweza kufanya. Akivaa kama bibi wa heshima, anaongea na wakubwa, anawavuta askari kwa maneno, lakini hawezi kupanda ukuta. Akivaa kama mtumwa, anaingia mashambani bila kuonekana, juu nani anamwangalia mtumwa? Akivaa kama Assassin, ana silaha zote, lakini kila askari anamtilia shaka. Mchezo ule ni mdogo, una makosa mengi, misheni zake nyingine zinachosha. Lakini hakuna mchezo mkubwa wa mfululizo huu uliowahi kufanya nilichokiona pale: kuwa mwanamke mweusi mahali pale, wakati ule, ndiko kunakoamua unapita mlango gani. Usingeweza kumtoa Aveline ukaweka mwanaume. Mchezo ungeanguka.

Na kuchagua kunaweza kuchukuliwa tena. Mwezi wa 1 mwaka 2019, sehemu mpya ya Odyssey ilitoka. Wachezaji walikuwa wamempeleka Kassandra wao makumi ya saa: wengine walimfanya apende wanawake tu, wengine asipende mtu. Kufika pale, hadithi ikampa mwanaume na mtoto, utake usitake. Watu wakalalamika, Ubisoft wakaomba radhi, wakabadilisha baadhi ya mambo, mtoto akabaki. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka shangazi yangu anayeniambia: «Soma, mwanangu, soma unavyotaka,» halafu kwa sauti ya chini: «lakini usichelewe.» Uhuru wenye tarehe ya mwisho.

Basi nasema nini? Sisemi kila mchezo uwe na mwanamke. Basim wa Mirage ya 2023 yuko peke yake na sikumlalamikia. Sisemi wanaume wanaopenda Ezio ni wabaya. Mimi pia nampenda Ezio. Na sihesabu vichwa, wanawake wangapi, wanaume wangapi. Nauliza jambo moja tu kwa kila mchezo: huyu mwanamke alifikiriwa lini? Siku ya kwanza, au siku ya malalamiko? Ukicheza saa mbili unajua. Élise na Evie walisogezwa. Kassandra alifikiriwa wa kwanza, halafu akapewa mwenzake wa kumficha. Aveline alifikiriwa wa kwanza, lakini kwenye mchezo wa kabati la nyuma.

Naoe ni hatua. Hadithi yake si mpya, ni kisasi cha baba aliyeuawa, sawa na Ezio kabisa, na kuna saa inachosha. Lakini mwili wake umewazwa. Ni mdogo, mwepesi, anapita kwenye paa, anazima taa, anajificha kwenye giza. Akishikwa na watu watano uwanjani, anakufa. Yasuke ni mzito, anavunja mlango kwa bega, na akijaribu kuruka kama Naoe anaanguka vibaya. Ni miili miwili yenye miendo miwili na namna mbili za kupita katika ngome moja. Yaani ile kazi mara mbili iliyosemwa haiwezekani mwaka 2014, mwaka 2025 imefanyika, na ndiyo sababu mchezo una ladha. Iliwezekana juu ilikuwa kwenye plani.

Wapendwa, wengi wetu hapa siku moja tutakaa upande ule mwingine wa meza. Tutachora shantye, tutapanga ofisi, tutaandika orodha ya vifaa, tutatengeneza programu. Siku hiyo, kabla hamujasaini karatasi, muulize nani hayupo juu yake. Ni swali la dakika moja, na siku ile halina bei. Linapata bei miaka mitatu baadaye, dada fulani anapokaa kwenye kiti na alama zake nzuri, na bwana mwenye adabu anaanza kuhesabu matofali.

Mwezi uliopita nilirudi kuicheza Assassin's Creed II. Yaya sasa ana watoto, maneti zote ni nzima. Nilishuka tena kwenye kile chumba cha chini. Kuna kitu nilikuwa nimekisahau: zile sanamu sita, unazitafutia mihuri katika makaburi yaliyofichwa, unairudisha mmoja mmoja. Ukimaliza, mlango wa chuma unafunguka na Ezio anapata mavazi ya vita ya Altaïr, bora kuliko yote. Muhuri wa Iltani unahitajika. Muhuri wa Amunet unahitajika. Bila wao mlango haufunguki. Niliuweka ule wa Amunet wa mwisho, makusudi, nikamwita binti wa yaya, mwenye miaka tisa, aje aone.

Akaangalia Ezio anavaa. Halafu akaonyesha sanamu kwa kidole: «Na huyu, bamemupa nini?»

Sikuwa na jibu. Nikampa maneti.